Kiti cha Msimulizi: Riwaya Tunazosoma Shuleni

Ewe msomaji, fanya jaribio dogo jioni ya leo. Mwendee mtu mzima wa nyumbani kwenu aliyepata kusoma shule, awe mama, mjomba au jirani mwenye mvi, ukamwulize maswali mawili. Kwanza mwombe akutajie kanuni moja ya hesabu aliyojifunza alipokuwa na umri kama wako. Aghalabu atacheka, atakuna kichwa, naye atakiri kwamba zimemtoka zote. Halafu mwulize ni kitabu gani cha hadithi alichokisoma darasani. Hapo utamwona akibadilika uso. Jina la kitabu litamjia, kisha jina la mtu aliyekuwamo, kisha tukio moja lililomliza au lililomchekesha; na huenda akakuambia hata mahali alipokuwa ameketi siku ile, na ni nani aliyekuwa akisoma kwa sauti.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini ni jambo la historia. Vitabu viingiavyo shuleni havijileti vyenyewe. Huletwa na watu, katika mwaka fulani, kwa nia fulani. Na watoto wanaovisoma hukua wakawa walimu, wakulima, mawaziri na watungaji. Kwa hiyo mtu atakaye kuijua historia ya mioyo ya watu wa Afrika Mashariki hana budi kuuliza watoto wao walipewa kusoma nini. Katika insha hii nakuomba tufuatane katika njia hiyo, tangu mwaka 1929 hata karibu na siku zetu, tukiwa na swali moja tu: msomaji afunguapo riwaya, huketishwa katika kiti cha nani?

Kwanza tutazame kwa nini riwaya ya shuleni hung'ang'ania moyoni. Sababu ni tatu. Ya kwanza ni umri. Kijana wa miaka 15 au 16 angali anajenga nyumba ya nafsi yake. Kitu kinachotiwa ukutani pamoja na udongo mbichi hakitoki udongo ukishakauka. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi, na neno hilo laufaa moyo kama limfaavyo samaki. Sababu ya pili ni mwendo wa kusoma. Mtu mzima hukimbia na kitabu chake siku mbili tatu, akakiweka kando. Mwanafunzi hukaa na riwaya moja mwaka mzima, pengine miwili. Huirudia sura kwa sura, huulizwa habari zake, hujibu, hukosea, akaisoma tena. Tone la maji lidondokalo mahali pamoja hutoboa jiwe. Sababu ya tatu ni wenzi. Darasani hadithi moja husomwa na watu wengi kwa pamoja, nao hucheka pamoja na kunyamaza pamoja. Miaka 20 baadaye watu wawili wasiojuana hukutana garini, mmoja akamtaja mtu wa hadithini, na mwingine akadakia mara moja. Papo hapo wamekuwa kama watu waliozaliwa kijiji kimoja.

Hizo ndizo sababu za kukumbuka. Lakini kukumbuka kuna neema na kuna hatari, na zote mbili zatoka mahali pamoja. Kila hadithi ina mahali pa kutazamia. Mtu anaposimulia nawe ukamfuata, waketi pale alipoketi yeye na kuona kwa macho yake. Akiogopa waogopa, akimdharau mtu wamdharau kabla hujajijua. Mahali hapo nitapaita kiti cha msimulizi. Somo la jiografia laweza kukueleza mlima bila ya kukuuliza uko upande gani. Riwaya haiwezi, haianzi kazi yake mpaka imekukalisha.

Sasa tuingie katika historia yenyewe. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa kuzungumza habari za lugha, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na cha vitabu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, na katibu wake wa kwanza alikuwa Mwingereza aitwaye Frederick Johnson. Kazi yao ilikuwa na upungufu ulio wazi: lugha iliyosanifiwa yataka vitabu, na vitabu vya hadithi vya kuwapa wanafunzi vilikuwa haba. Njia ya haraka ikawa kufasiri. Mwaka 1929 Johnson alikuwa amekwisha kutoa Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu ambacho asili yake kilitungwa kwa Kiingereza na H. Rider Haggard na kutolewa mwaka 1885. Mwaka huo huo wa 1929 kikatoka pia Kisiwa chenye Hazina, ambacho asili yake ni ya R. L. Stevenson. Vitabu hivi vilisomwa katika shule za Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na wako wazee ambao hata leo, ukitaja mashimo yale, watakutajia almasi.

Tukitazame kitabu hicho cha Haggard kwa haki, maana haki ndiyo adabu ya kwanza ya mwanahistoria. Ni hadithi tamu. Wazungu watatu, Allan Quatermain na wenzake wawili, wanavuka jangwa na milima ya theluji wakimtafuta ndugu aliyepotea pamoja na hazina ya kale. Yuko pamoja nao mtumishi Mwafrika aitwaye Umbopa. Wakiisha kufika katika nchi ya Wakukuana, yafunuliwa kwamba Umbopa si mtumishi. Jina lake la kweli ni Ignosi, naye ni mrithi halali wa ufalme. Baba yake aliuawa na Twala, ndugu yake mwenyewe, aliyejitwalia enzi. Naye Ignosi alikimbizwa na mama yake angali mtoto mdogo. Vita vyapigwa, Twala aanguka, na Ignosi atawala.

Fikiri, msomaji. Hapa pana mwana wa mfalme wa Kiafrika aliyedhulumiwa, akatembea ugenini miaka mingi, akarudi kudai haki ya baba yake. Ikiwa kuna mtu ambaye kijana wa Machakos au wa Bukoba angependa kukaa katika kiti chake, ni huyu. Tena mwisho wa kitabu cha Haggard, Ignosi asema neno zito: kwamba hatawaruhusu Wazungu wengine waingie nchini mwake, wawe wafanya biashara wenye bunduki au wahubiri. Lakini hadithi haisimuliwi na Ignosi. Yasimuliwa na Quatermain. Msomaji asafiri katika gari la Quatermain, avuka jangwa kwa kiu ya Quatermain, astaajabia desturi za wenyeji kama Quatermain anavyostaajabu, na mwisho arudi pwani na almasi katika mifuko ya Quatermain. Nchi ya Ignosi yabaki nyuma ya milima, kama ndoto. Wala si ajabu, kwa kuwa mtungaji mwenyewe alikwenda Natal mwaka 1875, akiwa na miaka 19, kutumika katika ofisi ya gavana, na mwaka 1877 alikuwapo Pretoria bendera ya Uingereza ilipopandishwa. Aliketi kiti alichokuwa nacho.

Miaka mitano baada ya tafsiri ile, mwaka 1934, kilitoka kitabu cha namna nyingine, Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela. Wengi wakihesabu kuwa riwaya ya kwanza iliyotungwa kwa Kiswahili chenyewe pasipo kufasiriwa. Mbotela alikuwa mwana wa mtu aliyekuwa mtumwa akakombolewa, naye alitoka Freretown, kile kijiji kilichoanzishwa na wamisheni karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa. Ukipita Kengeleni, upande wa pili wa daraja la Nyali, utaiona kengele iliyopapa jina mahali pale. Yasimama mpaka leo kando ya barabara ya magari. Kitabu chasimulia jinsi watu walivyotekwa bara, wakatembezwa kwa minyororo hata pwani, wakapakiwa majahazini, na jinsi merikebu ya Kiingereza ilivyowaokoa baharini.

Hapa kiti kimehama. Msomaji wa Kiafrika sasa aketi pamoja na mtekwa, na kutazama njia kwa macho ya yule mwenye nira shingoni. Hili lilikuwa jambo kubwa. Walakini watu waliokisoma baadaye walikikosoa, wakasema kwamba kitabu chamsifu Mwingereza mno, kana kwamba uhuru ni zawadi iliyoteremka kutoka merikebuni, na kwamba lawama zote za utumwa zawekwa juu ya Waarabu. Ukosoaji huo una ukweli wake. Lakini nawe jiulize: mtoto wa mtu aliyefunguliwa minyororo na mabaharia wale angeandika nini, na ni mchapaji gani wa mwaka 1934 angekichapa kama angeandika vingine? Twajifunza hapa kwamba mtu aweza kupewa kiti chake mwenyewe, na bado kiti hicho kikawa kimeelekezwa upande ambao mwenye nyumba ataka atazame.

Tumekwisha kusema mengi juu ya vitabu. Haifai tuhukumu pasipo kumsikia msomaji. Je, kijana wa Kiafrika aliyesoma vitabu vya akina Haggard aliona nini moyoni mwake? Shahidi aliyelisema jambo hili waziwazi sana hakutoka kwetu, alitoka Nigeria, nasi hatuna budi kumfuata huko. Jina lake ni Chinua Achebe, aliyezaliwa mwaka 1930. Mwaka 1944 aliingia shule ya serikali ya Umuahia. Shule hiyo ilikuwa na desturi njema: katika jioni fulani za juma ilikuwa marufuku kwa mwanafunzi kushika kitabu cha masomo, saa hizo zilikuwa za riwaya na hadithi tu. Achebe aliikumbuka sheria hiyo maisha yake yote, tena kwa shukrani. Katika maktaba ile alisoma Stevenson, Dickens, Haggard na John Buchan. Naye alikuja kukiri, akiwa mtu mzima, kwamba aliposoma hadithi za Wazungu jasiri waliosafiri kati ya watu wa Afrika, yeye alikuwa upande wa Wazungu. Hakujua kwamba wale waliochorwa kama washenzi wanaopigapiga kelele ukingoni mwa mto ndio yeye. Hakudanganywa na mwalimu, wala hakuchapwa fimbo ili aamini. Alikalishwa kitini tu.

Macho yake yalifumbuka alipofika chuo kikuu cha Ibadan. Huko darasa lilipewa kusoma riwaya ya Joyce Cary iitwayo Mister Johnson, iliyotoka mwaka 1939. Cary alikuwa amepata kuwa ofisa wa serikali huko Nigeria ya Kaskazini, na riwaya yake ni habari za karani Mwafrika mwenye furaha isiyo na akili, ampendaye mkubwa wake Mwingereza hata mwisho mkubwa huyo amwua kwa risasi. Huko ng'ambo wasomi walikisifu kitabu hicho kuwa picha bora ya Afrika. Wanafunzi wa Ibadan hawakukubali. Achebe amesimulia kwamba mwenzao mmoja alimwambia mwalimu kuwa alifurahi mara moja tu katika riwaya nzima, yaani pale Johnson alipopigwa risasi. Lilikuwa neno kali, lakini lilikuwa neno la watu waliokataa kukaa. Walijua makarani wa Nigeria. Baadhi yao walikuwa wana wa makarani. Na yule wa kitabuni hawakumtambua.

Kutokana na kukataa huko ilizaliwa riwaya. Mwaka 1958 Achebe alitoa Things Fall Apart, ambayo Clement Ndulute aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Msomaji wa kitabu hicho hukaa kijijini Umuofia tangu mwanzo. Ajua viazi vikuu na namna ya kuvipanda, ajua mieleka, ajua mahari, ajua hasira ya Okonkwo na makosa yake, kwani Achebe hakuwafanya watu wake malaika. Wazungu waja baadaye, kama wageni wajavyo, nao huonekana kama wageni waonekanavyo. Kisha, mwisho kabisa, Achebe afanya jambo la hekima kubwa. Okonkwo amekwisha kufa, na ghafula mtungaji anamwondoa msomaji kitini pa Waumuofia na kumkalisha katika kiti cha mkuu wa wilaya. Bwana huyu afikiria kitabu anachotaka kuandika juu ya kazi yake ya kuwatuliza wenyeji. Aona kwamba habari za Okonkwo zaweza kujaza aya moja. Aya moja! Nawe msomaji umekwisha kukaa na mtu huyo kitabu kizima. Hakuna mwalimu awezaye kueleza maana ya kiti cha msimulizi vizuri kuliko aya ile.

Turudi sasa Kenya, maana jambo lile lile lilikuwa likitendeka hapa. Mwaka 1955 kijana wa Limuru aliyezaliwa mwaka 1938, Ngugi wa Thiong'o, aliingia shule ya Alliance huko Kikuyu. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952. Mwisho wa muhula wa kwanza alirudi nyumbani akiwa amevaa sare yake ya shule, asikute nyumbani. Nyumba zilikuwa zimebomolewa, na watu wamehamishiwa kijiji kingine kwa amri ya serikali. Basi fikiri mtoto huyu: katika maktaba aishi na Jim Hawkins baharini na Oliver Twist katika vichochoro vya London, na huku kwao hata nguzo ya mlango haikubaki. Ngugi aliandika baadaye kwamba lugha na vitabu vile vilikuwa vikimpeleka mbali zaidi na nafsi yake, kuelekea nafsi nyingine.

Lakini tusikimbilie kufunga hukumu, kwa sababu Ngugi huyo huyo amesimulia jambo la pili. Alipokuwa angali mtoto hakisahau kitabu cha Stevenson cha kisiwa na hazina, akamwambia rafiki yake kwamba angependa kutunga hadithi kama ile. Rafiki akamjibu kuwa mtu hana ruhusa ya kuandika kitabu pasipo leseni, na kwamba asiye nayo atafungwa. Wakabishana sana. Ona jinsi mbegu ilivyo ya ajabu: ilitoka katika kiti cha mtoto wa Kiingereza, ikaota Limuru. Miaka michache baadaye, akiwa mwanafunzi wa Makerere, Ngugi alitunga Weep Not, Child, iliyotolewa mwaka 1964. Humo msomaji aketi na Njoroge, mtoto aliye na kiu ya elimu, ambaye baba yake Ngotho ni kibarua katika shamba la Mzungu, na shamba hilo ni ardhi ya mababu wa Ngotho mwenyewe. Kwa mara ya kwanza wanafunzi wengi wa Kenya walisoma darasani habari za Hali ya Hatari wakiwa ndani ya nyumba ya mtu aliyeumizwa nayo.

Hata hivyo kutungwa kwa kitabu ni jambo moja, na kuingia kwake shuleni ni jambo jingine. Mwaka 1962 ulianzishwa huko London mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Afrika, na Achebe akawa mshauri wake wa kwanza. Vitabu hivyo vya bei nafuu viliwafikia wanafunzi wengi. Mwaka 1968 walimu watatu wa chuo kikuu cha Nairobi, Ngugi, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza iondolewe na mahali pake pawekwe idara itakayoanza na fasihi ya Afrika, ndipo ienende kwa mataifa mengine. Mwaka 1974 walimu walikutana Nairobi kuzungumza juu ya kufundisha fasihi ya Afrika katika shule za sekondari. Palikuwa na mabishano makali, na haikosi kuwa hivyo. Kwa maana kubadili orodha ya vitabu vya shule ni kubadili viti katika nyumba ya taifa.

Na Kiswahili je? Kwa muda mrefu kilikaa shuleni kama mgeni aliyepewa kigoda karibu na mlango. Mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye mtihani, na riwaya zake zikafika katika kila wilaya, hata kwa watoto ambao nyumbani husema Kiluo, Kikalenjin au Kisomali. Matunda yake yalionekana wazi kwa riwaya moja iliyotoka mwaka 1996, Siku Njema ya Ken Walibora. Anayesimulia ni kijana mwenyewe, Kongowea Mswahili, aliyezaliwa Tanga na mama mwimbaji wa taarabu, asimjue baba yake. Mama afariki, mtoto ateswa, kisha afunga safari ndefu ya kuvuka mpaka hadi Kitale kumtafuta baba. Mtoto wa Turkana asiyepata kuona bahari aliketi katika kiti cha Kongowea akaisikia Tanga. Mtoto wa Mombasa asiyepata kufika bara akaenda naye hata Kitale yenye mahindi. Hakuna Quatermain kati yao wa kuwafasiria.

Walibora alifariki Nairobi mwezi wa Aprili mwaka 1920 na 100, yaani 2020, wakati nchi imefungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Watu hawakuweza kukusanyika wamzike kwa wingi. Lakini watu wazima wenye kazi na watoto, wengi wao wasiopata kumwona kwa macho, waliomboleza wakilitaja jina la Kongowea. Hawakuwa wakikumbuka maksi walizopata. Walikuwa wamepotewa na mtu wa kijiji chao, kile kijiji nilichokitaja mwanzo, kinachojengwa darasani na wasomaji wa kitabu kimoja.

Basi, msomaji, historia hii yakufaa nini wewe uliye na riwaya ya mtihani mezani, na wasiwasi kwamba hukumbuki sura ya tano? Nakupa mashauri mawili tu.

La kwanza: usikisome kitabu kwa ajili ya maswali peke yake. Wako wanafunzi wanaosoma mwongozo wakaiacha riwaya, kama mtu alaye orodha ya vyakula akaacha chakula. Mtihani utapita, na karatasi yake itapotea. Kitakachobaki kwako ni yule mtu uliyeketi naye, ukiwa umekubali kuketi. Soma mara ya kwanza kama usikilizaye hadithi ya bibi. Maswali yana siku yake.

La pili: kila ufunguapo riwaya, jiulize kiti ulichopewa ni cha nani, na ni nani katika hadithi ile ambaye hakupewa kiti. Mtafute Ignosi katika safari ya Quatermain. Mtafute mama wa mtu, mtumishi, adui, yule ambaye mtungaji alimpa aya moja. Wala sikuambii ukatae viti vya wageni. Mtu asiyeketi popote ila kwake hajui kama kwake ni padogo au pakubwa, na tumeona kwamba kisiwa cha Stevenson kilimwamsha mtungaji Limuru. Keti, tazama, kisha uwe na nguvu ya kusimama. Achebe aliketi Umuahia, akasimama Ibadan. Kati ya mambo hayo mawili ndipo elimu yake ilipopatikana.

Na sasa nenda kwa yule mzee wa nyumbani kwenu uliyemwuliza habari za hesabu na hadithi. Msikilize mpaka amalize, asimulie tukio lake, acheke au ahuzunike. Kisha mwulize kwa heshima swali la tatu, ambalo yamkini hakupata kuulizwa na mwalimu yeyote: katika kitabu kile, wewe uliketi wapi?